Faruma, Mfinyango na Kalibu: Istilahi za Kutengenezea Vinyago vya Uso

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja ya ufundi, yaani utengenezaji wa vinyago vya uso vinavyovaliwa na wachezaji wa filamu na wa michezo ya jukwaani, na kupendekeza istilahi zinazoweza kuitaja kazi hiyo bila utata. Vinyago tunavyovikusudia hapa si vile vya kuchongwa kwa mti. Ni ngozi laini za mpira ambazo humgeuza kijana akawa kizee, au mtu akawa nyani, na ambazo umbo lake hufinyangwa kwanza kwa udongo juu ya sura ngumu isiyoharibika. Kazi ikiisha, sura hiyo husafishwa na kuwekwa hadi siku nyingine.

Haja ya istilahi hizi si ya nadharia tupu. Kurasa chache za maelekezo, zilizofasiriwa kwa ajili ya wanafunzi wa maigizo, zilifika mezani kwa mwandishi wa makala haya zikaguliwe. Ndani yake sura ngumu ya kufinyangia iliitwa kinyago; udongo uliofinyangwa uliitwa kinyago; na ngozi ya mpira, ambayo kwa kweli ndiyo kinyago, nayo iliitwa hivyo hivyo. Mwanafunzi aliagizwa kusafisha kinyago, kutandaza udongo juu ya kinyago mpaka apate kinyago, kisha atoe kinyago na kurudisha kinyago. Kalibu nayo ilikuwa imeitwa ukungu, kwa kuwa katika Kiingereza neno la kalibu na lile la ukungu uotao juu ya mkate uliochacha huandikwa sawasawa. Kwa hiyo ukungu uliagizwa uachwe ukauke kwa muda wa siku nzima. Mtu anaweza kucheka, lakini katika ukurasa uliofuata palikuwa na neno plasta, na hapo pasingekuwa na la kuchekesha. Tutalirudia neno hilo.

Tatizo la mfasiri yule halikuwa uchache wa maneno ya Kiswahili. Hakuwa ameiona kazi yenyewe, kwa hiyo hakujua kwamba ndani yake mna vitu vinne mbalimbali vinavyofanana sura. Cha kwanza ni sura ngumu inayobaki. Cha pili ni udongo uliofinyangwa juu yake, ambao lazima upotee. Cha tatu ni chombo chenye uwazi ndani kilichochukua alama ya udongo ule. Cha nne ni kitu kilichotoka ndani ya chombo hicho. Vyote vinne vina pua, macho na mdomo, na vyote vyaweza kuwekwa juu ya meza moja. Asiye na majina manne hawezi kumwelekeza mtu mwingine kazi hii kwa maandishi.

Tuanze na cha kwanza, kwa maana ndicho kilichotusumbua zaidi. Wafasiri wamejaribu kukiita kiolezo, sanamu, fremu, na kichwa bandia. Kiolezo ni kitu cha kuigwa, kama karatasi anayoikata fundi cherehani; hakibebi kitu juu yake. Sanamu ni kazi iliyokwisha. Fremu ni mbao za mlango au za picha. Kichwa bandia si kibaya, lakini mara nyingi kifaa hiki si kichwa kizima bali ni uso tu, kuanzia paji hadi chini ya kidevu.

Watu wa pwani wana neno la kitu kinachofanya kazi hiyo hasa, nalo ni faruma. Kofia ya mkono ikishafuliwa na kutiwa wanga huvishwa juu ya faruma ili isisinyae na ipate kukaa vizuri kichwani. Tutazame sifa za kifaa hicho. Hutoa umbo, hakiwi sehemu ya kitu kinachopewa umbo, na kofia ikivuliwa, faruma hubaki vilevile ikingojea kofia nyingine. Sifa hizo tatu ndizo za sura ngumu ya kufinyangia vinyago. Kwa sababu hiyo napendekeza iitwe faruma ya uso, na ile ya kichwa kizima iitwe faruma ya kichwa.

Nimekwisha kuambiwa kwamba neno faruma halijulikani bara na kwamba hata Unguja vijana wengi hawalijui. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo limo katika kamusi zetu, ni fupi, linatamkika, na halina maana nyingine ya kugombana nayo. Neno ambalo msomaji halijui atajifunza mara moja. Neno analolijua kwa maana nyingine litampoteza kila alisomapo. Kwa maoni yangu hilo ni jambo linalosahauliwa mno katika kazi yetu, ambapo umaarufu wa neno huhesabiwa kuwa fadhila peke yake.

Faruma ya uso ziko za namna mbili. Iko ya jumla, iliyotengenezwa kwa plastiki ngumu au kwa jasi, ambayo vipimo vyake ni vya uso wa mtu mzima wa wastani. Kinyago kilichofinyangwa juu yake chaweza kuvaliwa na watu wengi, ila hakitamkaa yeyote barabara. Na iko ya mtu binafsi, ambayo ni nakala kamili ya uso wa mchezaji fulani. Hii ya pili huanza kwa kuuchukua uso wenyewe alama. Mchezaji hukaa kimya, nywele zimefunikwa na nyusi zimepakwa mafuta mazito, kisha uso wake hupakwa uji wa aljinati huku matundu ya pua yakiachwa wazi. Baada ya dakika chache uji ule huganda ukawa laini kama yai la kuchemsha. Ndio huo huo madaktari wa meno wautumiao kuchukua alama ya meno. Juu yake huwekwa bandeji zenye jasi ili usipinde unapotolewa, na ndani ya alama hiyo humiminwa jasi ili kupata faruma.

Aljinati hutokana na mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi. Nasema hivyo kwa sababu mfasiri mmoja, kwa nia njema, alitaka kuiita unga wa mwani ili wasomaji wa Zanzibar wauone ni wao. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyekundu, nao hutoa kitu kingine kiitwacho karajinani. Unga wa mwani wa Paje hautachukua alama ya uso wa mtu. Hapa afadhali neno la kigeni lililotoholewa kuliko la nyumbani linalodanganya.

Sasa tufike kwenye plasta. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa kitambaa chenye gundi kinachobandikwa juu ya kidonda, kwa udongo wa saruji unaopakwa ukutani, na kwa unga mweupe unaochanganywa na maji ukawa mgumu. Kiswahili kimekwisha kuyatenganisha mawili ya kwanza vizuri. La kidonda ni plasta, na kila duka la dawa linalijua. La ukutani ni lipu. La tatu ndilo lililobaki likielea. Magazeti ya michezo husema mchezaji aliyevunjika mguu amefungwa plasta gumu. Hospitalini husikika herufi tatu za Kiingereza. Katika vitabu vya ufundi mna plasta ya Paris. Matokeo ni kwamba maelekezo ya Kiswahili yanayosema "weka plasta usoni" yanaweza kusomwa kwa namna mbili, na moja kati ya hizo ina hatari.

Hatari hiyo inatokana na asili ya kitu chenyewe. Jasi ni jiwe ambalo ndani yake mna maji yaliyofungamana nalo. Tanzania inachimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na kwingineko. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji hayo likawa unga. Unga huo ukirudishiwa maji huyanywa tena na kuwa jiwe, na katika kufanya hivyo hutoa joto. Bandeji nyembamba ya hospitali hutoa joto kidogo tu, lakini ujazo wa ndoo waweza kufikia nyuzi 60 na kupita, nao huwa umekwisha kumshika mtu asiweze kujitoa. Mwaka 2007 nchini Uingereza, msichana wa miaka 16 aliyekuwa katika somo la sanaa alitia mikono yake ndani ya ndoo ya jasi ya namna hiyo ili achukue alama yake. Alipoteza karibu vidole vyake vyote, na mwaka 2009 shule ilitozwa faini mahakamani. Hao walikuwa watu wanaosoma maelekezo kwa lugha yao wenyewe. Mwanafunzi wetu anayeletewa neno linalomkumbusha kitambaa cha kubandika kidondani ana sababu ndogo zaidi ya kuogopa.

Kwa hiyo napendekeza tuliache neno plasta kwa vidonda. Jiwe liitwe jasi, kama linavyoitwa na wachimbaji na na Wizara; unga uliochomwa uitwe jasi choma, kwa mfano ule ule wa nyama choma na mahindi choma; na kitambaa chenye unga huo kiitwe bandeji ya jasi. Neno choma litasaidia pia kumkumbusha msomaji joto, ingawa sikulichagua kwa ajili hiyo. Na kila maelekezo yafasiriwayo yaseme waziwazi kwamba jasi choma haipakwi moja kwa moja juu ya ngozi ya mtu, hata kama asili ya Kiingereza imelinyamazia jambo hilo kwa kudhani kwamba msomaji analijua.

Kitu cha pili ni mfinyango. Fundi huchukua udongo wa mafuta, ambao umechanganywa na nta ili usikauke wala kupasuka, akautandaza juu ya faruma na kuupa makunyanzi, pua ya ndege, au chochote atakacho. Kitenzi chake ni kufinyanga wala si kuchonga. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Sisi tunayo na tusiipoteze. Mchongaji hupunguza: Mmakonde achongaye mapiko ya ngoma za jandoni huanza na gogo la mti mwepesi na kuondoa kila kisichokuwa uso. Mfinyanzi huongeza. Akikosea huongeza tena, na ndiyo sababu kazi hii huanzia kwenye udongo. Kuhusu udongo wenyewe, ipo tahadhari moja: baadhi ya aina zake zina salfa, na salfa huzuia namna fulani za silikoni kuganda. Mfasiri asiandike kiberiti, ijapokuwa ndilo jina la zamani la salfa, kwa maana msomaji wa leo atatafuta njiti.

Kitu cha tatu ni kalibu. Neno hili ni la zamani na halina shida, na kitenzi chake ni kusubu. Jasi choma humiminwa juu ya mfinyango, ikishakuwa ngumu hutenganishwa, na udongo wote hubanduliwa na kutupwa au kukandwa upya. Mfinyango umekufa, lakini kila mkunyanzi wake umebaki ndani ya kalibu, ukiwa kinyume: palipokuwa na tuta sasa pana bonde. Wengine wametafsiri hali hizi mbili kwa maneno chanya na hasi, kama katika hesabu na umeme. Nadhani ni afadhali kufuata walimu wa fizikia wanaosema lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Uso wa kalibu ni mbonyeo, uso wa faruma ni mbinuko. Mwanafunzi akiyasikia maneno hayo hana haja ya kuuliza kipi ni kipi, kwa kuwa vidole vyake vitamwambia.

Hapa ndipo faruma inapoonyesha thamani yake, na ndipo tafsiri ya neno moja kwa vitu vinne inapoharibu kazi kabisa. Udongo ukishaondolewa, faruma iliyosafishwa hurudishwa ndani ya kalibu. Kati ya hizo mbili hubaki uwazi, na uwazi huo ni sawasawa na unene wa udongo uliokuwapo. Ndani ya uwazi huo ndimo mpira unamomiminwa. Basi upande wa nje wa kinyago utakuwa na sura aliyoifinyanga fundi, na upande wa ndani utakuwa na sura ya uso wa mchezaji mwenyewe, hata kikae juu ya mashavu yake kama ngozi. Mwanafunzi aliyeambiwa arudishe kinyago ndani ya kinyago hawezi kulifahamu hilo. Atamimina mpira ujaze kalibu nzima, apate bonge zito lisilovalika, na fedha za mpira zimekwisha potea.

Mpira wenyewe ni wa namna nyingi. Ulio rahisi ni utomvu wa mpira uliogemwa na kutiwa amonia ili usigande njiani. Humiminwa ndani ya kalibu ya jasi, nayo jasi hunywa maji yaliyomo ndani ya utomvu, ukabaki utando wa mpira ukutani, uliosalia humwagwa. Kwa njia hiyo faruma haihitaji kurudishwa, ila kinyago huwa kizito kidogo wala hakifuati mienendo ya uso. Ulio bora ni ule wa kuumuliwa. Utomvu hutiwa sabuni na salfa, hupigwa kwa mashine ya namna ile ile ipigayo mayai ya keki mpaka ufure, hutiwa kigandishi, kisha huokwa pamoja na kalibu yake kwa joto la chini ya nyuzi 100 kwa muda wa saa kadhaa. Wafasiri wameandika mpira wa povu. Povu ni kitu kinachopasuka na kutoweka; mkate ulioumuka haupotezi matundu yake. Napendekeza mpira umuka. Katika miaka ya karibuni silikoni imechukua nafasi kubwa katika kazi hii kwa sababu hupitisha mwanga kidogo kama ngozi ya mtu, lakini istilahi nyingine zote hubaki zilezile.

Kukitoa kitu ndani ya kalibu ni kukifyatua. Mafundi wa matofali wamelitumia neno hilo siku zote, na sioni haja ya kuunda jingine.

Huenda msomaji akauliza kwa nini watu walitafuta njia yenye hatua nyingi hivi. Mwaka 1931 Jack Pierce alipomtengeneza Boris Karloff kuwa zimwi la Frankenstein, aliijenga sura ile juu ya uso wake kwa pamba na kolodioni, kazi ya saa 4 hivi kila siku ya kupiga picha, na jioni yote ikabanduliwa. Katika filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, Jack Dawn na mafundi wake walitumia vipande vya mpira umuka vilivyosubiwa tayari. Mwaka 1968 filamu ya Planet of the Apes ilihitaji sokwe wengi kwa pamoja. John Chambers aliwavalisha wachezaji wakuu vipande vinavyofuata nyuso zao, na wale wa nyuma ya kundi vinyago vizima vya kuvaa na kuvua, na mwaka 1969 akapewa tuzo ya heshima kwa kazi hiyo. Chambers alikuwa ametangulia kufanya kazi hospitalini, akiwatengenezea viungo bandia askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili.

Uhusiano huo na hospitali ni wa zamani zaidi. Mwishoni mwa 1917 mchongaji wa Kimarekani Anna Coleman Ladd alifungua karakana mjini Paris kwa ajili ya askari waliopoteza taya au pua vitani. Alichukua alama ya uso ulioharibika, akapata nakala ya jasi, na juu ya nakala hiyo akafinyanga sehemu iliyokosekana kwa kutazama picha ya askari ya kabla ya vita. Kinyago chenyewe kilikuwa cha shaba nyembamba iliyopakwa rangi ya ngozi. Faruma, mfinyango, kalibu na kinyago vimo vyote. Mfasiri wa vitabu vya tiba atakutana na istilahi hizi hizi, nazo zisitofautiane na zile za jukwaani.

Limebaki jina la kitu cha nne. Kabla ya 2020 ningeliweza kupendekeza barakoa bila wasiwasi. Ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya vazi la uso la wanawake, lililovaliwa Oman na Zanzibar, na lilikuwa likififia. Katika mwaka huo, ugonjwa wa korona ulipoenea, lilifufuka kwa ghafla kuwa jina la kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na sasa kila mtoto analijua hivyo. Tuliache huko. Barakoa huficha au hukinga uso. Kinyago huleta uso mwingine. Kwa hiyo kile cha kufunika kichwa au uso mzima kiitwe kinyago cha mpira. Vile vipande vinavyogandishwa kwa gundi, kimoja puani, kimoja kidevuni, kama Dick Smith alivyomfanyia Dustin Hoffman katika filamu ya Little Big Man ya 1970 ili aonekane mzee wa miaka 121, viitwe vibandiko vya uso.

Yapo mambo mawili madogo ambayo sijaridhika nayo. Kalibu ya vipande viwili huwa na vitundu upande mmoja na vichomozo upande wa pili, ili vipande vikifungwa vikae mahali pake. Kiingereza huviita kwa jina la ufunguo, na wafasiri wameandika funguo za kalibu, ambazo mwanafunzi atazitafuta kwenye kisanduku cha vifaa. Nimeandika tundu na ulimi, kama seremala anavyosema kwa miti inayoungwa. La pili ni ile sehemu ya mfinyango iliyojikunja kwa ndani, mfano nyuma ya sikio au chini ya pua, ambayo jasi huingia ikaganda na kukataa kutoka. Kwa sasa naiita kikwamo, lakini nalishuku. Mafundi wanaosubu sufuria kwa mchanga hukutana na jambo hilo kila siku, na wasomaji wanaokaa karibu nao wangetufanyia hisani kuwauliza wao huliitaje.